Wamaori na Hataza za Viumbe Hai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila inapozungumzwa habari ya hataza, mimea ya asili na vinasaba vya watu wa New Zealand, nchi ambayo wenyeji wake wa asili, Wamaori, huiita Aotearoa. Tumeanza na ya msingi. Kama tayari unajua hataza inavyofanya kazi, nenda moja kwa moja swali la 3.

## Mambo ya mwanzo

1. Hataza ni nini, na viumbe hai viliingiaje humo?

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 20. Naye hutakiwa aeleze hadharani jinsi uvumbuzi huo unavyofanya kazi, ili muda ukiisha yeyote autumie.

Kwa miaka mingi hataza zilihusu mashine, dawa na kemikali. Mlango wa viumbe hai ulifunguka mwaka 1980, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokubali hataza ya bakteria waliobadilishwa ili wameng'enye mafuta ghafi. Mwaka 1988 ikafuata hataza ya panya wa Harvard, aliyetiwa jeni ya kumfanya apate saratani upesi kwa ajili ya utafiti. Kisha mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 1995, ukaeneza mambo haya duniani kote. Chini yake nchi inaweza kukataa hataza za mimea na wanyama, lakini haiwezi kukataa za vijidudu, na aina mpya za mimea lazima zilindwe kwa hataza au kwa sheria nyingine maalumu.

2. Kitu kilichokuwepo tangu zamani kinawezaje kuitwa uvumbuzi?

Chenyewe kama kilivyo, hakiwezi. Mmea wa porini haupewi hataza. Kinachopewa ni kiini kilichokamuliwa kutoka kwenye mmea, njia ya kukikamua, au matumizi yake mapya. Kwa muda mrefu hata jeni iliyotengwa tu kutoka mwilini ilihesabiwa kuwa uvumbuzi, na maelfu ya hataza za jeni za binadamu yalitolewa kwa hoja hiyo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa hoja hiyo mwaka 2013 katika kesi ya kampuni ya Myriad, iliyokuwa na hataza za jeni zinazohusishwa na saratani ya matiti. Australia nayo ikaikataa mwaka 2015.

Malalamiko mengi yanaanzia hapa. Mtafiti huupata mmea kwa sababu wenyeji walishajua unatibu nini. Jani la koromiko, kwa mfano, lilikuwa dawa ya Wamaori ya kuhara, na katika Vita vya Pili vya Dunia lilitumwa kwa askari wa New Zealand waliokuwa ng'ambo. Elimu ya namna hiyo, iliyopimwa kwenye miili ya watu kwa vizazi, ofisi ya hataza huichukulia kama kitu kisicho na mwenyewe. Mwenye kukamua kiini maabara ndiye anayeandikwa jina.

3. Basi Wamaori wanalalamikia nini hasa?

Wanalalamikia mambo mawili. La kwanza ni undugu. Katika masimulizi yao, Ranginui ni mbingu na Papatūānuku ni ardhi, na mtoto wao Tāne ndiye mzazi wa misitu na ndege. Tāne huyohuyo ndiye aliyemfinyanga mwanamke wa kwanza kwa udongo. Kwa hiyo miti, ndege na watu wamo katika ukoo mmoja, na ukoo huo, whakapapa, unahesabika kizazi kwa kizazi. Kila kiumbe kina mauri, yaani uhai wake unaostahili kuheshimiwa. Kuchukua jeni za kiumbe kimoja na kuziandikisha kwa jina la kampuni ni kumgusa ndugu bila ruhusa ya ukoo.

La pili ni wajibu. Mtunzaji, kaitiaki, ni familia au koo yenye dhamana juu ya spishi au mahali fulani. Dhamana hiyo inaonekana kwa macho. Mtazame mfumaji akivuna harakeke, mmea wa majani marefu yanayofumwa vikapu na mikeka. Jani changa la katikati huitwa rito, naye ni mtoto. Majani mawili yanayomkumbatia ni wazazi wake. Mfumaji hukata yale ya nje tu, ya mababu, wala hamgusi mtoto na wazazi, kwa sababu bila wao shina zima hufa. Anayevuna hivyo amefundishwa na mtu, naye atamfundisha mwingine.

Sasa weka hataza kando ya wajibu huo. Hataza humtambua mvumbuzi mmoja au kampuni moja, ilhali elimu hii ni ya jamii. Hataza hutaka kitu kiwe kipya, na elimu hii ina thamani kwa sababu ni ya kale. Hataza hufa baada ya miaka 20 na kuacha kila kitu wazi kwa dunia nzima, wakati wajibu wa kaitiaki hauna tarehe ya kuisha. Ndiyo maana kurekebisha kifungu kimoja cha sheria hakutoshi kuwaridhisha.

4. Je, Wamaori wanapinga sayansi?

Hapana, na inasikitisha kwamba swali hili bado linaulizwa kwa namna ya shutuma. Katika miaka ya 1990 familia moja kubwa ya Kimaori, iliyokuwa ikizika watu wake kwa saratani ya tumbo, wengine wakiwa vijana, ndiyo iliyowaendea watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago. Familia iliingia kama mshirika, ikakusanya kumbukumbu za ukoo na kushiriki katika kazi. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo kwamba chanzo ni kasoro kwenye jeni ya CDH1. Tangu hapo familia zenye kasoro hiyo, huko na kwingineko duniani, zinaweza kupimwa mapema na kuokolewa.

Mfano mwingine ni tuatara, mtambaazi wa New Zealand anayefanana na mjusi lakini si mjusi. Ramani kamili ya vinasaba vyake ilichapishwa mwaka 2020, na watu wa Ngātiwai, watunzaji wa mnyama huyo, walishirikishwa tangu mwanzo kwa makubaliano ya maandishi na wakatajwa miongoni mwa waandishi wa utafiti. Katika mifano yote miwili sayansi ilikuwa nzito na ilikwenda vizuri, kwa sababu wenye ukoo walikuwa mezani kabla sampuli haijachukuliwa.

5. Si suala la mgao wa fedha tu?

Fedha zimo, na ni haki yao kuzidai. Lakini anayedhani asilimia fulani ya mauzo itamaliza shauri hajasikiliza. Swali la kwanza huwa ni nani mwenye kusema ndiyo au hapana. Mgao hujadiliwa baada ya hapo, na wakati mwingine jibu ni hapana, kwa bei yoyote.

## Shauri la Wai 262

6. Wai 262 ni nini?

Ni dai lililofunguliwa tarehe 9 Oktoba 1991 mbele ya Baraza la Waitangi, chombo kinachosikiliza malalamiko ya Wamaori kwamba serikali imevunja Mkataba wa Waitangi. Mkataba huo ulitiwa saini tarehe 6 Februari 1840 kati ya machifu wa Kimaori na Taji la Uingereza. Nakala yake ya Kimaori inawahakikishia machifu mamlaka kamili juu ya ardhi, vijiji na taonga zao zote, yaani vitu vyote vya thamani kwao. Wadai sita kutoka makabila sita walisema mimea, wanyama na elimu inayovihusu vimo humo, na kwamba serikali ilikuwa ikiviachia kwa watafiti na makampuni bila kuwauliza.

Taarifa ya Baraza, Ko Aotearoa Tēnei, ilitolewa tarehe 2 Julai 2011. Ni karibu miaka 20. Kati ya wale sita, siku hiyo alikuwa hai mmoja tu, Saana Murray wa Ngāti Kurī, naye akafariki mwaka huohuo.

7. Kwa nini kiazi kitamu kinatajwa sana kwenye habari hii?

Kwa sababu kūmara, viazi vitamu ambavyo mababu walikuja navyo kwa mitumbwi kutoka visiwa vya Pasifiki, viliwafumbua watu macho. Aina za kale zilikuwa karibu kutoweka mashambani, na mkusanyo uliokuwa mikononi mwa watafiti wa serikali ulikuwa umepelekwa Japani. Mwaka 1988 ujumbe ulioongozwa na Dell Wihongi, mwanamke wa Kimaori, ulikwenda huko na kurudi na baadhi ya aina hizo. Fikiria bibi anavuka bahari kuomba mbegu ya chakula cha babu zake kwenye ghala la nchi nyingine. Ukilijua hilo, Wai 262 haikushangazi.

8. Baraza liliamua kwamba Wamaori ndio wamiliki wa mimea na wanyama wa asili?

Hapana, na hapa habari nyingi hukosea. Baraza lilisema Mkataba hauwapi Wamaori umiliki wa vinasaba vya spishi hizo. Kinacholindwa ni uhusiano wa kaitiaki na spishi zilizo taonga kwake. Uhusiano huo unapaswa kupimwa pamoja na maslahi mengine, yakiwemo ya watafiti na umma, na kiwango cha ulinzi kitategemea uzito wa kila jambo. Kwa elimu yenyewe, Baraza lilitaka ulinzi dhidi ya matumizi ya kudhalilisha na sauti ya kweli kwa watunzaji pale inapotumiwa kibiashara. Kwa upande wa hataza, lilipendekeza kamati ya Wamaori ya kumshauri Kamishna wa Hataza.

Wapo Wamaori waliovunjika moyo, kwa kuwa walitarajia mamlaka kamili yaliyoahidiwa 1840. Kwa maoni yangu walikuwa na sababu: kupimwa na maslahi mengine si sawa na kuwa na neno la mwisho.

## Sheria zinasemaje leo

9. New Zealand inaruhusu hataza juu ya binadamu, wanyama au mimea?

Sheria ya Hataza ya 2013, iliyoanza kutumika Septemba 2014, inakataa hataza juu ya binadamu na juu ya njia za kibiolojia za kumzalisha. Aina ya mmea nayo haipewi hataza, ina sheria yake (swali la 11). Uvumbuzi mwingine wa kibiolojia, kama vijidudu vilivyobadilishwa au viini vya mimea, unaweza kupewa ukitimiza masharti. Kamishna anaweza kukataa ombi ikiwa biashara ya uvumbuzi huo inakwenda kinyume na utulivu wa umma au maadili.

10. Kamati ya Wamaori ina nguvu gani kwenye hataza?

Kamati hii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Hataza ya 2013, ina nguvu ya kushauri. Kamishna akiiomba, kamati humweleza mambo mawili: kama uvumbuzi umetokana na elimu ya jadi ya Kimaori au na mimea na wanyama wa asili, na kama kuuza uvumbuzi huo kunaelekea kupingana na maadili ya Wamaori. Kamishna lazima auzingatie ushauri huo. Lakini haumfungi.

Hili ndilo doa kubwa la sheria hiyo. Kumpa mtu nafasi ya kusema na kumpa nafasi ya kuamua ni mambo mawili tofauti. Ni kama kuwaita wajomba kwenye kikao cha posa ilhali mahari imeshapokelewa. Isitoshe, ombi linapofika kwenye kamati, sampuli ilishachukuliwa zamani na utafiti umekwisha.

11. Na kwa mbegu na aina mpya za mimea?

Huko mambo ni mazuri zaidi. Sheria ya Haki za Aina za Mimea ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023 na kuifuta ile ya 1987, imeunda Kamati ya Wamaori ya Aina za Mimea. Inahusu mimea ya asili ya nchi hiyo na ile ya kigeni iliyoletwa na mababu, kama kūmara. Mzalishaji wa mbegu hutakiwa azungumze na kaitiaki. Kamati ikiona kwamba kumpa haki kutaathiri vibaya uhusiano wa kaitiaki na mmea, na athari haziwezi kupunguzwa vya kutosha, haki haitolewi.

Kamati hii inaamua. Serikali ilipata nafasi hiyo kwa sababu katika mkataba wa biashara wa nchi za Pasifiki, CPTPP, New Zealand iliwekewa kipengele cha kuiruhusu kutimiza wajibu wake chini ya Mkataba wa Waitangi wakati inarekebisha sheria ya mbegu. Mtu akikuambia kwamba mikataba ya biashara haiachi nafasi yoyote kwa haki za wenyeji, mwonyeshe kipengele hicho.

12. Asali ya mānuka ni suala la hataza?

Hapana, ni la alama ya biashara. Wazalishaji wa New Zealand walitaka jina hilo liwe lao peke yao, wale wa Australia wakapinga kwa kuwa mti huo unaota kwao pia. Mwaka 2023 ofisi ya miliki bunifu ya New Zealand yenyewe ilikataa ombi hilo. Hata hivyo uchungu wake ni uleule, jina la Kimaori limekuwa bidhaa ya dunia.

## Vinasaba vya watu

13. Imewahi kutokea damu ya wenyeji ikapewa hataza?

Ndiyo, karibu na Aotearoa. Machi 1995 serikali ya Marekani ilipata hataza juu ya seli zilizotokana na damu ya mtu wa Hagahai, jamii ndogo ya milimani Papua New Guinea. Seli hizo zilikuwa na aina ya kirusi cha HTLV-1 iliyotarajiwa kusaidia vipimo na chanjo. Kelele zilikuwa kubwa, na mwaka 1996 hataza hiyo ikaachwa. Miaka hiyohiyo mradi wa kukusanya vinasaba vya jamii za dunia nzima ulipata upinzani mkali wa wenyeji wengi. Mwaka 1993 wajumbe wa nchi 14 walikuwa wamekutana Whakatāne, kwa mwaliko wa makabila ya Mataatua, wakatoa azimio lililotaka biashara ya mimea ya asili na vinasaba vya binadamu isimamishwe mpaka jamii zenyewe zipate njia za kujilinda.

14. Nikikubali mwenyewe kutoa damu, ukoo una haki gani ya kuingilia?

Katika sheria za nchi nyingi, ridhaa ni ya mtu mmoja. Katika tikanga, taratibu za Kimaori, vinasaba ni urithi wa pamoja: unachokitoa wewe kinamhusu shangazi yako, wanao na waliokwishakufa.

Ukweli wa hilo ulionekana mwaka 2006. Watafiti walidai kwamba aina ya jeni ya MAOA ni nyingi zaidi kwa Wamaori, na magazeti yakaipa jina la jeni ya kivita, yakiihusisha na ukatili. Kundi lililopimwa lilikuwa dogo mno kubeba dai zito namna hiyo, na wanasayansi wenzao walilikosoa vikali. Aliyetoa sampuli alikuwa mmoja mmoja, lakini aliyetukanwa alikuwa kila Mmaori. Miongozo kama Te Mata Ira, iliyotolewa 2016, inawataka watafiti wazungumze na familia na makabila tangu mwanzo, na iwe wazi sampuli zitakaa wapi na zitarudishwaje.

15. Kuhamisha jeni kutoka kwa binadamu kwenda kwa mnyama kunaonekanaje?

Kwa wengi ni kuchanganya koo mbili zisizopaswa kuchanganywa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kituo cha utafiti cha Ruakura, karibu na Hamilton, kiliomba kutia jeni ya binadamu kwa ng'ombe ili maziwa yawe na protini ya kutafitia ugonjwa wa neva. Ngāti Wairere, wenye eneo hilo, walipinga, wakisema jambo hilo linavunja whakapapa na mauri. Mamlaka ya serikali iliruhusu. Mwaka 2002 serikali iliunda baraza la maadili ya kibiolojia, Toi te Taiao, ambalo lilivunjwa 2009.

## Maswali magumu zaidi

16. Hataza ikitolewa Marekani au Japani, sheria ya New Zealand inasaidia nini?

Kidogo sana. Hataza ni ya nchi kwa nchi, na kamati ya swali la 10 haina sauti Tokyo. Ndiyo maana mkataba uliopitishwa Geneva tarehe 24 Mei 2024 chini ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, una maana. Utamtaka mwombaji wa hataza ataje nchi au jamii ambako rasilimali za vinasaba, au elimu ya jadi inayozihusu, zilitoka. Kutaja si kuomba ruhusa, lakini angalau jamii itajua pa kuanzia.

Wakenya wanaijua hali hii. Vijidudu vilivyochukuliwa kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, likiwemo Bogoria katika ardhi ya Waendorois, vilitoa vimeng'enya vya kusafishia na kupaushia nguo za jinzi viwandani ng'ambo. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kudai haki.

17. Hataza ikishatolewa, inaweza kurudishwa?

Inaweza. Wahawaii, ndugu wa Wamaori kwa asili na lugha, humhesabu gimbi kuwa kaka yao mkubwa, kwa kuwa katika masimulizi yao alizaliwa kabla ya mwanadamu. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Hawaii kilipata hataza za aina tatu za magimbi zilizozalishwa kustahimili ugonjwa. Wakulima na wanaharakati waliandamana, na mwaka 2006 chuo kikaziacha na nakala zikachanwa hadharani. Aina hizo zikabaki huru kulimwa na yeyote.

18. Siku hizi mtu hahitaji jani wala damu, anapakua tu mfuatano wa DNA kwenye kompyuta. Hapo je?

Sheria nyingi ziliandikwa kwa ajili ya vitu vinavyoshikika, na mfuatano ukishawekwa kwenye hifadhi ya wazi, kaitiaki hajui nani anautumia. Wamaori wamejibu kwa kujenga hifadhi za data ndani ya nchi, ambako ombi la kuona data za spishi zilizo taonga hupitia kwa watunzaji wenyewe. Pia huambatisha lebo kwenye data zinazosema ni za nani na zitumike vipi. Lebo haimzuii mwizi. Humwondolea tu mtafiti mwaminifu kisingizio cha kutojua.

19. Je, Wamaori wenyewe wanaweza kuomba hataza?

Wanaweza, na hawana msimamo mmoja kuhusu hilo. Wapo wanaosema chombo kipo, tukitumie kabla hakijatumiwa dhidi yetu. Wengine wanaona kuomba hataza ni kukubali kwamba ndugu anaweza kuandikishwa. Kuna na tatizo la kawaida kabisa: hataza hudai siri ielezwe hadharani (swali la 1), na elimu ambayo familia imeitunza kwa vizazi ikishachapishwa hairudi ndani. Kwa hiyo familia nyingi huchagua mkataba wa moja kwa moja na mtafiti au kampuni, wenye masharti ya nani ataona nini, sampuli zitakaa wapi, na nini kitatokea mkataba ukivunjwa. Nyingine huchagua kunyamaza.